Joseph Thomson: Mvumbuzi wa Uasin Gishu ambaye taifa halikumtengea siku

KILA ifikapo Oktoba 20, Kenya husimama kuwaenzi mashujaa wake. Sikukuu hiyo, iliyoitwa Siku ya Kenyatta kwa miaka mingi, ilipewa jina jipya na Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, ili heshima isimwangukie mtu mmoja bali wote waliojitolea kwa ajili ya nchi.

Siku chache kabla yake, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, Marekani huwa na sikukuu ya aina nyingine. Jumatatu ya pili ya Oktoba hutengwa kumkumbuka Christopher Columbus, baharia aliyetia nanga katika visiwa vya Bahamas Oktoba 12, 1492, ingawa hakuwahi kukanyaga ardhi ya bara ambayo leo ni Marekani. Hispania nayo huifanya Oktoba 12 kuwa sikukuu ya taifa.

Kenya pia ilikuwa na wavumbuzi wake. Mmoja wao alikuwa Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti ambaye mnamo Novemba 1883 aliupanda ukuta wa milima ya Keiyo kutoka Bonde la Kerio, akatokeza katika nyanda za juu za Uasin Gishu. Juu ya ukuta huo ndipo ulipo msitu wa Kaptagat, mpakani mwa kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, eneo ambalo leo dunia inalijua kwa wanariadha wake.

Hakuna siku iliyotengwa kwa jina lake. Kisa cha maisha yake chaeleza ni kwa nini, na chaeleza pia kwamba swali la nani astahili kukumbukwa halijibiwi kwa urahisi.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858 katika kijiji cha Penpont, wilaya ya Dumfries, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mwashi aliyekuja kumiliki machimbo ya mawe. Mtoto huyo alikua akiokota mawe na kuuliza yalikotoka, na haikuwa ajabu alipojiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea jiolojia chini ya Archibald Geikie, mmoja wa mabingwa wa elimu hiyo wakati huo.

Alikuwa na umri wa miaka 20 tu alipochaguliwa kuwa msaidizi katika msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Msafara huo uliongozwa na Keith Johnston na ulikusudiwa kwenda kuyaona maziwa ya Nyasa na Tanganyika kutokea Dar es Salaam.

Walianza safari Mei 1879. Kabla ya Juni kwisha, Johnston alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kuhara damu huko Behobeho. Thomson, mwenye miaka 21 na asiyepata kuongoza hata watu kumi, akajikuta mkuu wa msafara mzima.

Wazungu wengi wangerudi pwani. Yeye alisonga mbele, na sababu kubwa ya kuweza kufanya hivyo ilikuwa mtu mmoja: Chuma, mnyapara wa msafara. Huyu ndiye aliyekuwa pamoja na Susi katika kundi lililoibeba maiti ya David Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, safari iliyomalizika mwaka 1874. Chuma alijua lugha, desturi na hila za njia. Thomson alijua kusikiliza.

Msafara ulifika Ziwa Nyasa, ukafika Ziwa Tanganyika, ukarejea pwani Julai 1880. Katika enzi ambapo misafara ya Wazungu iliacha makaburi njia nzima, huu ulipoteza watu wachache mno. Thomson alirejea Uingereza akiwa na jina. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882.

Tangu mwanzo Thomson alijiwekea kanuni ya kusafiri taratibu na bila kumwaga damu. Aliupenda msemo wa Kitaliano ambao maana yake haipishani sana na ule wa Waswahili kwamba polepole ndio mwendo. Kanuni hiyo aliishika maisha yake yote ya safari, na alijivunia kwamba hakuwahi kuua mtu ili apate njia. Si wavumbuzi wengi wa wakati wake walioweza kusema hivyo. Henry Morton Stanley, aliyesifika kuliko wote, aliacha nyuma yake maiti nyingi.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri kutafuta makaa ya mawe katika bonde la mto Ruvuma. Sultani alikuwa na matumaini makubwa ya utajiri huo. Thomson alikwenda, akachunguza, akarudi na habari kwamba yaliyodhaniwa kuwa makaa hayakuwa makaa. Barghash hakufurahi, lakini mwanajiolojia huyo hakuona sababu ya kumwambia mfalme lile alilotaka kusikia.

Kazi iliyomletea umaarufu ilikuja mwaka uliofuata. Wanajiografia wa London walitaka kujua njia ya mkato kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Kwenye ramani zao sehemu hiyo ilikuwa tupu. Ilijulikana kwamba njia hiyo ilipita katika nchi ya Wamaasai, na sifa za mashujaa wa Kimaasai zilitosha kuwafanya wageni wengi kuzunguka mbali.

Hapa ndipo neno mvumbuzi linapoanza kuyumba. Kuvumbua ni kukipata kilichokuwa kimefichika. Njia ya kupita Umaasaini haikuwa imefichika kwa watu wa pwani. Wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa walikuwa wameitumia kwa miaka mingi kutafuta pembe za ndovu, wakipita Taveta, Naivasha na Baringo. Walijua visima, walijua masoko, walijua kiasi cha hongo ya kila mahali. Hawakuandika vitabu tu.

Thomson alitoka Rabai, karibu na Mombasa, Machi 1883. Pamoja naye alikuwa James Martin, baharia wa Kimalta ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Antonio Martini. Mnyapara alikuwa Manwa Sera, aliyewahi kufanya kazi hiyo chini ya Stanley. Wapagazi walibeba shanga, nyaya na vitambaa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Alipovuka Taveta na kuingia kwa Wamaasai mwezi Mei, alikuta nchi imechafuka. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa amepita muda mfupi kabla yake, na msafara wake ulikuwa umepambana na Wamaasai. Thomson hakutaka kushindana nao. Alirudi nyuma, akaenda hadi Mombasa kuongeza bidhaa.

Aliporejea Taveta alikutana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Wakakubaliana kuandamana. Kimameta alikuwa amewahi kuzipita njia hizo, na bila yeye ni vigumu kuona jinsi Mskoti huyo angefika popote. Miaka michache baadaye, Kimameta huyo huyo alifuatana na Count Samuel Teleki katika msafara uliofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Hivyo misafara miwili mashuhuri katika historia ya uvumbuzi wa Kenya ilimtegemea mtu mmoja wa Pangani, na wageni ndio waliovuna sifa.

Kwa Wamaasai, Thomson alilazimika kuwa mganga. Alikuwa na meno mawili ya bandia ambayo aliyatoa na kuyarudisha kinywani mbele ya watu waliopigwa na butwaa, akatumia pia chumvi ya Eno inayotoa povu majini. Wengine walimchukua kuwa laiboni wa Kizungu. Mchezo huo ulimwokoa mara nyingi. Mwaka 1885 mwandishi H. Rider Haggard alipochapisha riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani yenye Mzungu anayewatisha Waafrika kwa meno ya bandia, Thomson aliona kwamba ameibiwa kisa chake.

Njiani alibandika majina. Safu ya milima ambayo Wakikuyu waliita Nyandarua aliipa jina la Lord Aberdare, rais wa chama kilichomtuma. Maporomoko ya mto Ewaso Narok yakaitwa Thomson's Falls. Mlima Kenya, ambao mmishonari Ludwig Krapf aliuona kwa mbali mwaka 1849 na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakamtilia shaka, aliuona kutoka upande wa Laikipia na kuthibitisha kwamba theluji ilikuwapo.

Baada ya kupumzika Baringo, kwa Wanjemps waliokuwa wakimwagilia mashamba yao kwa mifereji, Novemba 1883 alielekea magharibi. Alivuka milima ya Tugen, akashuka katika Bonde la Kerio, kisha akaanza kuupanda ukingo wa Keiyo. Yeyote aliyesimama kwenye ukingo huo na kuitazama Kerio kule chini ataelewa mpagazi mwenye mzigo kichwani alikuwa anadaiwa nini siku hiyo. Wakeiyo waliishi katikati ya genge hilo, wakilima kwenye vitako vya mlima, mbali kidogo na maadui wa bondeni na wa juu.

Juu ya ukingo mandhari hubadilika ghafla. Joto la bonde huisha, hewa huwa baridi, na baada ya msitu hufunguka uwanda mpana wa nyasi unaoteremka polepole kuelekea magharibi. Thomson alivutiwa nao. Aliona malisho mazuri, maji na wanyama wa porini. Aliona pia kwamba hapakuwa na watu.

Hakudanganya. Lakini utupu ule ulikuwa na historia yake. Mashimo ya mviringo yaliyotapakaa nyandani, yanayojulikana kama mashimo ya Wasirikwa, yalikuwa ushahidi wa wafugaji walioishi hapo zamani. Baada yao walikuja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao limebakia hadi leo. Hao nao walivunjwavunjwa kwa vita katika karne ya 19, wakipigana na Wamaasai wenzao na Wanandi. Wakati Thomson anapita, Wanandi ndio waliokuwa na nguvu upande huo. Uwanda ulikuwa mtupu wakati huo kama shamba linavyokuwa tupu baada ya mavuno, si kama nchi isiyo na wenyewe.

Msafara ulivuka mto Nzoia, ukapita kwa Shiundu, mji ambao leo ni Mumias, ukafika Ziwa Victoria Desemba 1883. Thomson alitamani kuendelea hadi mto Nile unapotoka ziwani, lakini homa na habari za hatari mbele zilimgeuza. Wakati wa kurudi aliyaona mapango ya Mlima Elgon.

Siku ya mwisho ya mwaka 1883 alimpiga nyati risasi, akamkaribia akidhani amekufa. Nyati aliinuka na kumrusha kwa pembe. Wapagazi walimbeba kwa machela hadi Baringo. Baadaye kuhara damu kulimlaza wiki nyingi, akaponea chupuchupu. Alifika Rabai Mei 1884, miezi 14 baada ya kuondoka.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1885, na mwaka huo huo Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimtunuku nishani ya dhahabu. Alikuwa na miaka 27.

Mengine ya maisha yake yalipita haraka. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto, Afrika Magharibi, kutia saini mikataba kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1888 alipanda milima ya Atlas nchini Morocco. Mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga kwa mfalme Msiri ili aipate nchi hiyo na madini yake. Ndui iliyozuka njiani na maradhi yake mwenyewe vilimzuia kufika. Mwishoni mwa mwaka 1891, msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulifika, Msiri akauawa na nchi ikachukuliwa.

Afya ya Thomson haikurudi tena. Alifariki London Agosti 2, 1895 akiwa na miaka 37, akazikwa kwao Scotland. Alipoaga dunia Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki.

Swali gumu linaanzia hapo, kwa sababu njia aliyoipita kwa amani haikubaki ya amani. Askofu James Hannington aliifuata mwaka 1885 na kuuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwani Waganda waliamini kwamba watakaoila nchi yao watatokea mashariki. Ikaja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ikifuatwa na serikali. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali ambapo sasa ni Kisumu, mwaka 1901. Martin, yule baharia wa Kimalta, alibaki nchini akawa mtumishi wa kampuni na baadaye wa serikali ya kikoloni.

Nao ule uwanda uliosifiwa kwa malisho na kuandikwa kuwa hauna watu ukageuka kitu cha kugawiwa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni waifanye Uasin Gishu makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Wajumbe walitumwa kuikagua, na mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwaka 1905 ukalikataa pendekezo hilo. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na maksai. Mashamba yakapimwa na kupewa namba. Namba 64 ndiyo iliyokuwa chanzo cha mji wa Eldoret, na wazee bado huuita mji huo Sisibo.

Wamaasai, ambao Thomson alipita kwao kwa hongo na mazungumzo, waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha Laikipia kwa ule wa 1911. Wanandi walipinga kwa silaha kuanzia mwaka 1895, mwaka ule ule Thomson alipofariki. Upinzani wao ulivunjwa Oktoba 19, 1905, pale Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani na kupigwa risasi na Richard Meinertzhagen.

Tarehe hiyo inatangulia Sikukuu ya Mashujaa kwa siku moja. Oktoba 20 yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ya usiku wa mwaka 1952 ambapo hali ya hatari ilitangazwa, Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Lakini kwa wakazi wa nyanda za juu za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, siku hizo mbili zinazofuatana zasimulia kisa kimoja: ardhi ilichukuliwa, na wapo waliokataa.

Je, Thomson abebe lawama za yote hayo? Haingekuwa haki kumweka kapu moja na Meinertzhagen. Hakupora ng'ombe, hakuchoma kijiji, na aliwaandika Waafrika aliokutana nao kama watu wenye akili na mizaha yao. Lakini haingekuwa haki pia kujifanya kwamba ramani yake haikuwa na kazi. Alitumwa aitafute njia, akaipata, akaiwekea majina ya Kiingereza. Waliofuata hawakuhitaji tena kumwomba Kimameta ruhusa ya kuandamana naye.

Marekani yenyewe imekuwa ikijiuliza maswali kama hayo. Majimbo na miji mingi imeamua kuitumia siku ya Columbus kuwakumbuka wenyeji waliokuwapo kabla yake, na mabishano hayajaisha. Kenya haikuhitaji kubishana sana. Baada ya uhuru Thomson's Falls ikawa Nyahururu, milima ya Aberdare ikarudishiwa jina la Nyandarua, ingawa la zamani bado latumika, na kalenda ya taifa haikumpa mvumbuzi yeyote hata siku moja.

Jina la Thomson halikufutika kabisa. Yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayechezesha mkia bila kukoma, Waswahili humwita swala tomi. Kwao Scotland, mji wa Thornhill ulimjengea sanamu. Vitabu vyake husomwa na wanahistoria, na inafaa visomwe, kwa maana ni miongoni mwa maandishi machache yanayoeleza jinsi nchi hii ilivyokuwa kabla haijaitwa Kenya.

Wasiosomwa ni wale wengine. Zaidi ya watu 100 walibeba mizigo kutoka pwani hadi ziwani na kurudi. Baadhi yao walizikwa njiani. Lugha waliyoizungumza kambini, pamoja na maneno ya safari, posho na hongo, ndiyo iliyoenea bara hata kabla ya serikali kuja. Jumbe Kimameta hakupewa mlima wala maporomoko. Wapagazi waliopanda ukuta wa Keiyo wengi wao hawakupewa hata mstari.

Oktoba 20, 2019, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa Mombasa, katika bustani ya Mama Ngina iliyo kando ya bahari. Miongoni mwa waliotunukiwa nishani na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Eliud Kipchoge, mwanariadha anayefanyia mazoezi Kaptagat, ambaye siku 8 zilizotangulia alikuwa amekimbia mbio za masafa ya marathoni kwa chini ya saa 2 jijini Vienna. Mombasa na Kaptagat ziliunganishwa tena kwa jina la mtu aliyekwenda mbali kwa miguu yake, na safari hii aliyetajwa alikuwa mwenyeji.

Sheria inaruhusu mengi katika siku hiyo. Mashujaa wanaoenziwa si wapiganaji na wanasiasa pekee. Wamo wasanii, walimu, waganga na wanariadha. Haitakuwa kuipotosha siku hiyo iwapo siku moja watatajwa pia Chuma, Manwa Sera, Jumbe Kimameta na watu wao wa mizigo. Thomson, kwa kanuni yake ya kwenda polepole na kusikiliza, alijua kwamba bila wao asingefika.